Darasa la Mezani: Dereva wa Lori wa Marekani na Saa Zisizolipwa

Katika nchi ya Marekani dereva wa lori la masafa marefu hulipwa mara nyingi kwa maili, si kwa saa. Gurudumu likizunguka senti huingia. Gurudumu likisimama senti nazo husimama. Kwa hiyo watu wa kazi hiyo wamezoea tangu zamani kupoteza saa nyingi zisizoonekana katika hesabu ya mshahara: saa za kungoja mzigo ghalani, saa za kumngoja fundi, saa za kukagua matairi na breki kabla ya safari. Lakini katika miaka ya karibuni imeongezeka saa ya namna nyingine, ambayo haipotei njiani wala ghalani. Hupotea nyumbani, kwenye meza ya kulia, mbele ya mke na watoto. Nayo ni saa ya masomo ya lazima.

Namna yake ni hii. Kampuni humpelekea dereva masomo kwa simu au kompyuta. Lipo somo la kurudisha trela nyuma bila kugonga, somo la kuacha nafasi mbele ya gari, somo la kuendesha penye theluji, somo la kufunga mzigo kwa minyororo, somo la adabu kazini, na somo la uchovu. Dereva hutazama picha zinazosimulia, kisha huulizwa maswali, akishindwa hurudia. Achukuaye mzigo wa hatari, kama petroli au tindikali, sheria yenyewe yataka afundishwe upya kila baada ya miaka 3. Tena yako masomo yanayokuja kama adhabu: malori mengi siku hizi yana kamera na vipimo, na dereva akikanyaga breki kwa ghafula, huletewa somo la kumrekebisha hata kama alimkwepa mtoto aliyekimbilia barabarani. Katika baadhi ya makampuni, asiyemaliza masomo kabla ya tarehe iliyowekwa hapewi mzigo. Asiyepewa mzigo hana maili, na asiye na maili hana mshahara.

Kwa msomaji aliyezoea maisha ya kambi jambo hili litaonekana geni. Askari akipelekwa kozi ya udereva au ya bunduki mpya, mshahara wake hufuata mkondo wake ule ule, na wala hakuna mkuu amwambiaye kwamba siku za darasani si siku za utumishi. Polisi aitwaye kwenye mafunzo huhesabiwa kuwa yuko kazini. Mafunzo ni amri, na amri ni kazi. Lakini huko Marekani dereva hupewa amri, naye huambiwa aitimize katika mapumziko yake.

Na tuitazame nyumba yenyewe. Dereva wa safari ndefu huweza kukaa njiani majuma mawili au matatu, akilala katika kitanda chembamba nyuma ya kiti chake. Desturi ya makampuni mengi ni kumpa siku moja ya nyumbani kwa kila juma moja alilokaa njiani. Basi tuseme amerudi kwa siku tatu. Siku ya kwanza ni ya kulala na kufua. Siku ya pili ni ya mambo yote yaliyomngoja: bomba linalovuja, mwalimu wa mtoto anayetaka kumwona mzazi, daktari, kodi ya nyumba. Siku ya tatu tayari fikira zake ziko barabarani, na mkewe anampangia nguo katika mkoba. Katika siku hizo tatu ndimo yanamowekwa masomo. Mama ameandaa chakula, watoto wameketi, naye baba ameinamia simu akijibu swali juu ya umbali wa kusimamisha gari lenye tani 36. Mtoto haelewi kwa nini baba aliyerudi hajarudi. Wako pia wanawake wanaoendesha malori hayo, na kwao jambo ni zito zaidi, kwa sababu mama huyo akifika nyumbani hukuta jiko nalo likimngoja.

Tena wamo miongoni mwa madereva hao watu waliotoka Somalia, Kenya na Kongo, na baadhi yao huzungumza Kiswahili nyumbani. Sheria ya Marekani yamtaka dereva wa lori aweze kusoma na kuzungumza Kiingereza kiasi cha kutosha kazi yake. Lakini kutosha kusoma alama za barabarani ni jambo moja, na kujibu maswali ya mtego yaliyoandikwa na wataalamu wa ofisini ni jambo jingine. Somo ambalo kampuni imelikadiria kuwa la nusu saa laweza kumchukua saa nzima mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Hiyo nusu ya pili haimo katika makadirio ya mtu yeyote.

Je, sheria yasemaje? Hapa ndipo penye ajabu, kwa maana sheria haikunyamaza. Mwaka 1938 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kima cha chini cha mshahara na saa za kazi. Chini yake Wizara ya Kazi iliweka kanuni juu ya mafunzo, isemayo kwamba muda wa mafunzo hautahesabiwa kuwa wa kazi iwapo tu masharti manne yote yametimizwa: mafunzo yawe nje ya saa za kawaida za kazi, mfanyakazi awe amehudhuria kwa hiari yake, somo lisiwe linahusiana moja kwa moja na kazi yake, na asiwe anafanya kazi yoyote ya mwajiri wakati ule. Likikosekana hata moja, muda huo ni wa kazi. Kanuni ikaendelea kueleza hiari ni nini. Mtu hakuhudhuria kwa hiari ikiwa ameamriwa na mwajiri, au ikiwa amefanywa aamini kwamba akikosa atapoteza kazi au hali yake kazini itaharibika. Na ili pasiwe na mtu wa kusingizia mahali, kanuni nyingine yasema kwamba kazi ambayo mwajiri ameiruhusu ni kazi hata ikifanyiwa nyumbani.

Kwa kipimo hicho somo la kurudisha trela nyuma, linaloletwa kwa amri na kwa tishio la kunyimwa mzigo, halihitaji wakili kulitafsiri. Si hiari, na lahusu kazi yenyewe. Ni saa ya kazi.

Basi kwa nini dereva halipwi? Jibu limo katika hesabu, na yafaa kuifanya hesabu hiyo polepole. Chukua dereva wa mfano anayelipwa senti 55 kwa maili, akaendesha maili 2,500 katika juma moja. Mapato yake ni dola 1,375. Tuseme alifanya kazi saa 65 juma hilo. Gawanya: ni dola 21 na senti 15 kwa saa. Sasa ongeza saa 3 za masomo ya nyumbani, ziwe saa 68. Gawanya tena: ni dola 20 na senti 22. Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7 na senti 25, nacho hakijapandishwa tangu Julai 2009. Mahakama nyingi za shirikisho zimeshika njia ya kuitazama jumla ya juma zima: maadamu mapato yote yakigawanywa kwa saa zote hayashuki chini ya kima hicho, sheria haikuvunjwa. Kwa hiyo zile saa 3 zimekubaliwa kuwa ni kazi, zimeingizwa katika hesabu, na bado hazikumletea dereva hata senti moja. Zimemezwa na maili alizozipata kwa jasho la siku nyingine.

Wala hawezi kudai malipo ya saa za ziada. Sheria ile ile ya 1938, iliyowapa wafanyakazi wengi nyongeza ya nusu ya ujira baada ya saa 40 kwa juma, iliwaacha nje madereva wa malori yanayovuka mipaka ya majimbo, kwa kuwa saa zao zilikwisha kuwekwa chini ya mamlaka nyingine ya serikali. Na yule mwenye lori lake mwenyewe, au aliyekopeshwa lori na kampuni akaitwa mkandarasi, huambiwa kuwa hayumo katika sheria hiyo kabisa.

Jimbo la California limechukua njia nyingine. Tangu Januari 2016 sheria ya huko yataka mfanyakazi wa kazi ya kipande, na maili ni kipande, alipwe mbali kwa kila saa ya kazi ambayo haimpatii kipande. Saa ya somo haimezwi na maili. Yasimama peke yake katika karatasi ya mshahara. Dereva wa California na dereva wa jimbo jirani waweza kusoma somo moja kwa jioni moja, mmoja akalipwa na wa pili asilipwe.

Hapana budi kuyatendea haki makampuni. Somo la nyumbani lilikuja kuchukua mahali pa desturi ya zamani ya kumwita dereva makao makuu, akalala hotelini siku tatu, akapoteza safari nzima. Wenye kampuni husema kwamba simu imempunguzia usumbufu, kwamba wenye bima huwadai ushahidi wa mafunzo, na kwamba dereva mmoja asiyejua kufunga minyororo ya theluji aweza kuua jamaa nzima mlimani. Yote hayo ni kweli. Yapo makampuni yanayolipa kiasi kilichowekwa kwa kila somo, nayo hayajafilisika kwa sababu hiyo. Lakini hakuna hata hoja moja kati ya hizo inayoonyesha kwa nini gharama ya usalama wa kampuni itolewe katika jioni ya mfanyakazi.

Na usalama wenyewe ndio unaodhurika. Dereva wa Marekani amewekewa mipaka mikali ya saa. Haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11, nazo ziwe ndani ya muda wa saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Akifikisha saa 70 za kazi katika siku 8 haruhusiwi kuendesha tena hadi hesabu yake ipungue, na njia ya kuifuta hesabu hiyo yote ni kupumzika saa 34 mfululizo bila kazi yoyote. Tangu Desemba 2017 malori mengi yamelazimishwa kuwa na chombo cha elektroniki kilichounganishwa na injini, ambacho huandika saa hizo badala ya kalamu.

Idara ya usalama wa malori ilikwisha kuulizwa kama kazi isiyo ya uchukuzi iandikwe kuwa ni kazi. Ikajibu kwamba kila kazi anayofanyiwa mwenye magari, iwe ya malipo au isiyo na malipo, lazima iandikwe kuwa ni ya kazini. Msomaji na asome tena maneno hayo: iwe ya malipo au isiyo na malipo. Dereva aketiye nyumbani usiku akafanya somo la lazima la saa moja, kisha daftari likaonyesha kuwa alipumzika, daftari hilo si la kweli. Akiandika ukweli, zile saa 34 mfululizo zimekatika, na yampasa aanze kuzihesabu upya. Pengine atakosa mzigo wa Jumatatu. Asipoandika, amekosa. Chombo kinajua injini inapowaka. Hakina habari ya meza ya kulia.

Ndiyo maana somo la uchovu, lile linalomfundisha dereva kwamba mwili usiopata usingizi haushindi kwa kahawa, laweza kusomwa na mtu anayesinzia, katika saa aliyopewa na sheria ili alale.

Mahali ambapo sheria ya mshahara huuma kweli ni kwa wanafunzi wapya, kwa kuwa hao hawana maili za kuficha saa. Mtu akikaa saa 40 katika juma la kuingia kazini, akisoma na kujaribiwa, kima cha chini kingempa dola 290. Akipewa chini ya hapo, au asipopewa kitu, madai yake ni mepesi kufahamika. Hata hivyo waajiri wana ngao ya zamani. Mwaka 1947 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya reli ya Portland Terminal, ambamo vijana walijifunza kazi ya breki za mabehewa kwa siku 7 au 8 bila mshahara. Mahakama ilisema hao hawakuwa waajiriwa, kwa sababu mafunzo yaliwafaa wao, nayo kampuni haikupata faida ya mara moja, bali kazi yake hata ilicheleweshwa kwa ajili yao.

Swali basi huwa ni moja: mwanafunzi huyu amjifunzia nani, na kazi yake inamletea nani faida? Kesi iliyovuma kuliko zote katika jambo hili ilikuwa ya kampuni ya New Prime, yenye makao yake jimbo la Missouri. Dereva mmoja alidai kwamba alipokuwa mwanafunzi alitakiwa kuendesha maili 10,000 bila malipo, akiwa na mzigo wa wateja wa kampuni nyuma yake. Kampuni ilitaka shauri lisisikizwe mahakamani bali kwa msuluhishi wa faragha, kila dereva peke yake, kama karatasi aliyotia sahihi ilivyosema. Tarehe 15 Januari 2019 Mahakama Kuu, kwa sauti moja, ilikataa: sheria ya usuluhishi ya 1925 iliwaacha nje wafanyakazi wa uchukuzi, hata wanaoitwa wakandarasi. Mwaka 2020 pande mbili zilipatana kwa dola milioni 28. Hukumu ile haikuamua bei ya saa moja ya mafunzo. Ilichofanya ni kuwafungulia mlango wa mahakama watu ambao walikuwa wakigawanywa mmoja mmoja.

Ulaya nako shauri hili limefika mbele ya majaji. Huko dereva wa lori hutakiwa apate mafunzo ya saa 35 katika kila miaka 5, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018 nchi yaweza kuruhusu saa 12 kati ya hizo zisomwe kwa kompyuta. Tarehe 28 Oktoba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya mtumishi mmoja wa halmashauri nchini Romania, iliamua kwamba muda wa mafunzo yaliyoamriwa na mwajiri ni muda wa kazi, ijapokuwa yalifanywa mbali na mahali pa kazi na nje ya saa za kawaida. Tena agizo la mwaka 2019 lasema kuwa mafunzo ambayo mwajiri amelazimishwa na sheria kuyatoa yawe bure kwa mfanyakazi, yahesabiwe kuwa kazi, na yakiwezekana yafanywe katika saa za kazi. Pengo limebaki katika neno hilo moja, "kulazimishwa". Pale ambapo sheria ya nchi au mapatano ya chama cha wafanyakazi hayamlazimishi mwajiri, saa 35 zaweza kumwangukia dereva mwenyewe pamoja na ada yake.

Katika nchi zetu malori yapitayo Malaba na Busia hayajajaa masomo ya simu kama yale ya Marekani. Lakini simu tayari imo mfukoni mwa kila dereva, na wenye mizigo huko Mombasa wanajua mahali alipo kila dakika. Ni vyema jamaa za madereva zijue mapema ni maswali gani yaliulizwa kwingine.

Moja la kufaa lilijibiwa zamani. Mwaka 1946, katika kesi ya kiwanda cha vyungu cha Mt. Clemens huko Michigan, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba ni wajibu wa mwajiri kuandika saa za kazi. Asipoziandika, hawezi kumshinda mfanyakazi kwa kumwambia tu kuwa hana ushahidi kamili. Mfanyakazi akileta makisio ya haki na ya akili, ni juu ya mwajiri kuyapinga kwa hesabu iliyo bora. Muda wa kudai chini ya sheria ya shirikisho ni miaka 2, au 3 ikiwa mwajiri alikosa kwa kusudi. Programu nyingi za masomo hayo huandika zenyewe saa dereva aliyoingia na saa aliyotoka, lakini kumbukumbu hiyo imo mikononi mwa kampuni.

Kwa hiyo mwenye busara huandika yake: tarehe, jina la somo, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na nakala ya ujumbe uliomwamuru asome. Haihitaji chombo. Kalenda iliyotundikwa karibu na jiko, ile ambayo mama huandikia siku za chanjo na karo za shule, yatosha. Na mara nyingi ni yeye, si dereva, akumbukaye kwamba Jumapili ile chakula kilipoa kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu kasorobo.